Barabara Isiyokuwemo Mchezoni

Leo tuzungumze kuhusu mchezo wa video. Najua wapo watakaoguna kwamba watu wamelala kwenye mahema na huyu anatuletea mambo ya watoto. Nawaomba subira. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa mbali wamekuwa wakieleza vita vya Masisi, huku mashariki mwa Kongo, kwa kutumia mashine ya mchezo. Wako waliofikia kuviita vita vya PlayStation, na maelezo hayo hayakuishia kwenye magazeti yao. Yalizaa kampeni, yakazaa sheria, na sheria hizo zikafika hadi kwenye sahani ya mchimbaji wa Rubaya na ya mama anayeuza maharage Karuba. Hadithi ikishapata nguvu ya kufunga mgodi, mtu mzima ana haki ya kuikagua. Mimi nasema ina kasoro moja kubwa. Imeuona mlima inakotoka madini ya coltan, imeiona mashine mkononi mwa kijana wa Osaka, ikairuka barabara iliyo katikati. Karuba haina mlima wa Rubaya. Karuba ni mahali mzigo unapopita, na kwa sababu hiyo watu wa huku wanaweza kuona kitu ambacho hadithi hiyo haikukiona.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana ni ushahidi usiotazamwa. Mwaka 2008 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Monster Hunter Freedom Unite kwa ajili ya PSP, ile mashine ya Sony ya kushikwa kwa mikono miwili. Mchezaji anakuwa mwindaji. Makazi yake ni kijiji cha theluji kiitwacho Pokke, na kutoka hapo anatumwa kuwinda madude yanayoizidi nyumba kwa ukubwa. Kwa kawaida anapewa dakika 50 za kumaliza kazi, na akizirai mara tatu safari imeharibika. Silaha yake haiongezeki makali kwa miujiza: inafuliwa na mhunzi, na mhunzi anataka pesa, anataka mifupa na magamba ya wanyama, na anataka madini. Kwa hiyo mwindaji hubeba sururu, hutafuta ufa kwenye mwamba, hugonga, na mawe hutoka, mengine ya chuma tunachokijua, mengine ya majina ya kubuni kama Machalite. Sururu huvunjika. Asiyebeba ya akiba huyaacha madini palepale na kuondoka. Wachezaji wanne wanaweza kuunganisha mashine zao bila waya na kuwinda pamoja, na hapo ndipo mchezo huu ulipopata jina lake Japani, kwa vijana kukaa kikundi kimoja, kila mmoja na mashine yake, wakisaidiana kumwangusha mnyama mmoja.

Msidhani jambo hili halifiki huku. PSP yenyewe ni adimu, ni kweli, na katika vyumba vya michezo vya mjini kijana hulipa ili acheze mpira, kwa sababu mechi huisha upesi na mwenye chumba anataka zamu nyingi kwa siku. Hadithi ya saa 40 haimletei faida. Mchezo wa namna hii hupita njia nyingine. Iko programu iitwayo PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, inayoifanya simu ya Android ijigeuze PSP, na faili la mchezo husafiri kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu, kama zinavyosafiri nyimbo na filamu. Kampuni iliyoutunga haipati franga moja kwa njia hiyo, lakini kesi hiyo ni ya siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba hata kijana wa milima hii, akiwa na simu ya bei ndogo na paneli ya jua ya kuichajia, anaweza kuwa mwindaji wa Pokke. Na kijana huyo, kuliko mwenzake wa Japani, ana sababu ya kushangaa kinachotokea baada ya sururu kugonga.

Kinachotokea ni kwamba hakuna kinachotokea. Jiwe linaingia kwenye mfuko, mfuko unafika kijijini, mhunzi anapokea, upanga unatoka. Hakuna wa kulibeba, hakuna wa kulipima kwa mizani iliyochezewa, hakuna kamba iliyofungwa katikati ya njia na mtu mwenye bunduki ameketi kwenye gogo akingoja. Katika toleo la mwaka 2018, Monster Hunter: World, hata sururu haivunjiki tena. Siwalaumu watunzi. Mchezo unaomsimamisha mwindaji kila baada ya mwendo mfupi ili aonyeshe karatasi na kutoa chochote usingepata mnunuzi, na anayetoka Sake kwenda Masisi angesema huo hauchezi bali anauishi bure. Mchezo una ruhusa ya kufuta barabara. Sheria haina ruhusa hiyo, wala ripoti, wala mwanaharakati anayetaka kutusaidia, lakini wote watatu wameifuta vilevile.

Hebu tuirudishe barabara mahali pake. Coltan ya Rubaya huchimbwa kwa mikono, kwa sururu na sepetu, huoshwa kwa maji mpaka udongo uondoke na mchanga mzito ubaki, hutiwa kwenye mfuko. Mfuko hupanda mgongo wa mbebaji au kiti cha pikipiki. Mnunuzi mdogo huuza kwa mnunuzi mkubwa, mnunuzi mkubwa kwa depo ya Goma, au mzigo huvuka mpaka usiku na kupata uraia mpya upande wa pili. Baada ya hapo huja meli, kiwanda cha kusafishia kilicho Asia au Ulaya, unga wa tantali, na kutoka kwenye unga huo kidude kinachoitwa kapasita, kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutoa kwa utulivu ndani ya saketi. Tantali hupendwa kwa sababu huhifadhi umeme mwingi kwenye nafasi ndogo na huvumilia joto, nayo iko pia kwenye injini za ndege na kwenye viungo vya bandia vinavyowekwa hospitalini. Walikale nayo imo, maana bati la mgodi wake wa Bisie ni la kuchomelea vidude hivyo kwenye bodi. Na mashine ya kushikwa mkononi ina jambo moja ambalo ile ya kukaa sebuleni haina, yaani betri, na betri za lithiamu zimetumia sana kobalti, ambayo sehemu yake kubwa duniani hutoka Lualaba na Haut-Katanga. Nintendo peke yake imeuza mashine za Switch zaidi ya milioni 150 tangu 2017. Kwa hiyo uhusiano upo, na asiyeuona ni kwa kutotaka. Ubishi ni kuhusu maana yake.

Waliosema vita vya PlayStation walikuwa na tukio la kweli mkononi. PlayStation ya pili ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, simu za mkononi nazo zilikuwa zikienea kila bara, na mwaka huohuo bei ya tantali iliruka mara kadhaa katika miezi michache kabla ya kuporomoka mwaka 2001. Watu waliacha mashamba wakapanda milima. Chama cha waasi cha RCD, kilichotawala Goma wakati huo, kiliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kununua na kusafirisha coltan mnamo Novemba 2000. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likaandika waziwazi kwamba madini ya Kongo yanalipia majeshi. Hayo yote yalitokea. Ila tazameni tarehe nyingine. Vita vya Masisi na Walikale vililipuka Machi 1993, kuanzia soko la Ntoto huko Walikale, na kabla mwaka huo haujaisha maelfu walikuwa wameuawa na watu zaidi ya laki mbili wamekimbia makwao. PlayStation ya kwanza kabisa iliuzwa Desemba 1994. Mashine ambayo haijauzwa haiwezi kuwasha moto.

Kilichowasha moto tunakijua, ingawa kukitaja kunahitaji uangalifu kwa sababu makovu yake bado ni mabichi. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulihamisha watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe, ili wafanye kazi kwenye mashamba makubwa. Baada ya uhuru ardhi ile ya malisho iliingia mikononi mwa wachache wenye uhusiano na Kinshasa. Sheria ya uraia ya 1972 ilitoa, sheria ya 1981 ikanyang'anya. Mtu aliyelima kilima kimoja kwa vizazi viwili akawa hajui kama kesho atapiga kura au atafukuzwa, na jirani yake akawa hajui kama kilima kile kitamrudia. Katika orodha hiyo hakuna kapasita. Coltan ilikuja juu ya ugomvi uliokwishakuwapo na ikaupatia mshahara. Ni ushiriki mkubwa, sikatai, lakini anayelipa mshahara akiondoka, mgomvi hutafuta mwajiri mpya.

Na hilo silisemi kwa kukisia, kwa maana lilijaribiwa, na sisi ndio tuliojaribiwa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zenye hisa kwenye masoko ya Marekani zieleze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu zinazozitumia zimetoka Kongo au kwa majirani zake. Sheria haikusema msinunue. Lakini mnunuzi aliyeko mbali, akisikia kwamba atalazimika kueleza, huona rahisi zaidi kununua pengine. Septemba ya mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa wachimbaji wadogo katika Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku hayo yakakaa hadi Machi 2011. Mgodi ulipofungwa, aliyekwama hakuwa kamanda peke yake. Alikwama dereva wa pikipiki, alikwama mwenye chukudu anayeteremsha viazi, alikwama anayelipa minervali, yaani karo ya watoto, kwa pesa za mfuko mmoja. Mwaka 2014 wataalamu 70, Wakongo na wageni, walitia saini barua ya wazi kueleza madhara hayo. Mwaka 2017 wachumi wawili, Dominic Parker na Bryan Vadheim, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baada ya sera hiyo uporaji wa raia uliongezeka, na makundi yenye silaha yakavutwa na dhahabu, ambayo hufichwa kwa urahisi kuliko coltan. Mwenye bunduki aliyekuwa akitoza kodi mgodini hakuweka bunduki chini. Alishuka barabarani.

Sasa tumefika barabarani. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilitoa kazi ambayo jina lake, kwa Kiswahili chetu, ni kama kusema kila kinachosogea kitatozwa. Watafiti walihesabu bariyeri, yaani vizuizi vya kutoza wapita njia, katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, wakapata karibu 800. Si zote zilizokuwa za waasi. Nyingi zilikuwa za watumishi wa dola yenyewe, wanajeshi wa taifa wakiongoza. Wala hazikungoja madini tu. Zilitoza maharage, makaa, jibini, ng'ombe, pikipiki, na mtu mwenye miguu yake miwili asiyebeba kitu. Mtu akiuliza vita hujilisha vipi siku ambayo bei ya tantali imeanguka, jibu liko kwenye bariyeri hizo. Mgodi unaweza kuisha, na bei inaweza kudondoka, lakini watu wa Masisi hawawezi kuacha kwenda sokoni.

Wenye kukumbuka historia watasema hili ni la zamani, na ni kweli. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo kabla ya kuruhusiwa kupita na kupata maji. Kwa njia ndefu yenye mizigo ya thamani na dola iliyo mbali, anayekaa njiani hupata kuliko anayechimba au anayewinda. Walikale ilithibitisha hilo upya. Kabla Bisie haijawa mgodi wa mashine, bati lilitoka kule kwa mabega ya watu, mwendo wa siku mbili msituni hadi Njingala, mifuko ya kilo 50, kisha magari hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe. Katika miaka ya 2006 hadi 2009 kikosi cha jeshi kilichokalia eneo lile hakikuhitaji kushika sururu. Kilihitaji kukaa kwenye njia, ambayo ilikuwa moja tu, na kuhesabu mabega.

Hapa nasikia mpinzani wangu akijiandaa, na hoja yake ni nzito. Atasema: Rubaya je? Waasi wa M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika Desemba ya mwaka huo kwamba kundi hilo lilikuwa likipata angalau dola 800,000 kila mwezi kutokana na coltan ya pale, eneo ambalo hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Je, hiyo si vita ya mgodi? Hesabu ni ya kweli, nami siipunguzi hata senti. Lakini someni pesa hizo zimepatikanaje. Ripoti inaeleza kwamba M23 waliweka idara yao ya madini, wakatoa vibali vya mwaka kwa dola 25 kwa mchimbaji na dola 250 kwa mfanyabiashara, wakatoza dola saba kwa kila kilo, wakalazimisha mzigo uuzwe kwa wanunuzi walioidhinishwa peke yao, na kuhakikisha unaelekea upande mmoja, Rwanda, ambako tani zisizopungua 150 zilichanganywa na madini ya huko. Ripoti hiyohiyo inasema waliwaongezea wachimbaji malipo mara mbili ili wasikimbie kazi. Kundi lililokuja kupora jiwe lingechukua jiwe. Hili lilikuja kupora mapito ya jiwe. Ndiyo maana Mushaki na Karuba zilipiganiwa tangu 2023, kabla Rubaya haijaangukia mikononi mwao moja kwa moja. Mwenye kushika Rubaya bila kushika njia ya kuteremkia ana rundo la mchanga mzito na hana pa kulipeleka.

Mpinzani wa pili ni mpole zaidi, naye huvaa koti la mkaguzi. Atasema tatizo la barabara limekwisha kutatuliwa kwa etiketi: kila mfuko unafungwa, unapewa namba, na mnunuzi wa Japani anajua umetoka shimo gani. Mfumo wa etiketi wa ITSCI uliendeshwa Masisi kwa miaka kadhaa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba mfumo huo ulikuwa unapitisha mifuko ya magendo, ITSCI wakakanusha, na baadaye shughuli hiyo ikasimama. Nani alikuwa na haki kati yao ni kesi ndefu. Mimi nina swali dogo zaidi. Hata etiketi ikiwa safi kabisa, inasema nini? Inasema mfuko ulianzia wapi. Haisemi ulilipa nani ulipokuwa unashuka. Mfuko unaweza kutoka kwenye shimo lisilo na askari hata mmoja, ukalipia bariyeri nne njiani, ukafika Goma ukiwa na cheti cha usafi. Sahani ya mama mwenye maharage haina etiketi kabisa, naye amelipa bariyeri zilezile nne. Kwa hesabu ya dunia huyo hajalipia vita, kwa sababu maharage hayamo kwenye orodha ya madini ya migogoro.

Basi mchezaji hana lolote la kujibu? Hapo nisieleweke vibaya. Mwaka 2012 shirika la Enough Project la Marekani lilipanga kampuni kubwa za elektroniki kwa juhudi zao kuhusu madini haya, na Nintendo ikashika mkia kwa sifuri. Kuna sababu ya kisheria nyuma yake. Hisa za Sony zinauzwa pia New York, kwa hiyo ilibanwa kutoa ripoti, wakati Nintendo, ambayo soko lake la hisa ni Tokyo, haikubanwa na sheria ile. Baada ya aibu ya mwaka ule kampuni nyingi zimechapisha sera zenye maneno mazuri. Mchezaji ana haki ya kuuliza, na wajibu wa kuuliza, kwa sababu yeye ndiye mwisho wa mnyororo na sauti yake kwa kampuni ni kubwa kuliko ya gavana yeyote. Ninachopinga ni swali analofundishwa kuuliza. Anafundishwa kuuliza: je, mashine yangu ina coltan ya Kongo? Na jibu analotamani kusikia ni hapana. Lakini hapana hiyo maana yake ni Australia au Brazili, yaani mchimbaji wa Rubaya amefutwa kazi ili dhamiri ya mtu fulani ipate usingizi. Swali lenye faida ni jingine: mlipomnunulia mtu wa Masisi mchanga wake, ni kiasi gani kilimfikia, na ni kiasi gani kilibaki njiani, kwa nani? Kampuni ambayo inajua kufuatilia kifurushi kimoja kutoka kiwandani hadi mlangoni kwa mteja haiwezi kudai kwamba kuhesabu bariyeri za barabara moja ya mlimani ni kazi iliyozidi uwezo wa binadamu.

Kuna wa mwisho, asiyeamini kwamba mchezo una neno lolote katika mambo haya. Kwake yeye mchezo ni mchezo. Kwa heshima zote, watunzi wa Japani hawakufikiri hivyo. Mwaka 2007 Square Enix ilitoa kwa PSP mchezo uitwao Crisis Core: Final Fantasy VII. Ndani yake kuna kampuni, Shinra, inayonyonya nguvu ya ardhi iitwayo mako na kuigeuza umeme, na kampuni hiyo ina jeshi lake. Mhusika mkuu, Zack, si mwovu. Ni kijana wa kijiji kidogo, Gongaga, aliyeondoka kwao akitaka kuwa shujaa, na mahali pekee palipokuwa na nafasi ya ushujaa palikuwa ndani ya sare ya kampuni. Anayetaka kuelewa kwa nini kijana wa miaka 17 wa milima hii anaingia kwenye kundi lenye silaha anaweza kujifunza zaidi hapo kuliko kwenye mabango ya kampeni yenye picha ya simu inayovuja damu. Bango linamwonyesha kijana huyo kama jini la madini. Mchezo unamwonyesha kama mtu aliyetafuta cheo na mkate, akakuta wenye kuvitoa wote wana bunduki. Ila hata Crisis Core haikuweza kuepuka kasoro ya wenzake. Mako hupanda moja kwa moja kutoka ardhini hadi kwenye kinu, umeme unawaka mjini, na kati ya kinu na mji hapana mtu anayekaa.

Sitaki pia kuifanya barabara kuwa jibu la kila kitu, kama wengine walivyofanya kwa coltan. Bariyeri hazikuandika sheria ya 1981. Hata zote zikiondolewa, suala la nani mwenye kilima litabaki pale pale, na wapo watakaosema kwa haki kwamba askari asiyelipwa mshahara kwa miezi ataweka kamba nyingine kesho yake. Tofauti ni hii. Ardhi na uraia ni mambo ya kizazi kizima, na bei ya tantali inapangwa mbali na sisi, lakini bariyeri ina mahali, ina saa, ina mtu, na kila dereva wa pikipiki anaijua kwa jina. Ni sehemu ya vita inayoweza kuhesabiwa mchana kweupe.

Tarehe 27 Juni 2025, mjini Washington, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano ya amani, na pamoja nayo ikaja mipango ya kuunganisha uchumi wa nchi hizi: madini, viwanda vya kusafishia, wawekezaji wa Marekani wanaoitazama milima ya Kivu kwa hamu. Maneno ni mengi kuhusu mgodi na mengi kuhusu kiwanda. Wanaotujadili wana washauri, wana ramani, na wana fedha za kutuma mtu akae siku chache Mushaki na Karuba na daftari, ahesabu mifuko inayoshuka na aandike kila mahali inaposimamishwa, kiasi kilichotozwa, na sare iliyovaliwa na aliyetoza. Daftari hilo lingegharimu kidogo kuliko chakula cha jioni cha ujumbe mmoja. Wabunge wetu, vyama vya wachimbaji na vyama vya madereva wa pikipiki wanaweza kulidai kabla mkataba wa mgodi haujatiwa saini, maana ukishatiwa saini hakuna atakayekuwa na haja ya kuuliza habari za njiani.